MANENO JUU YA MMEA WA UMANDE: NAMNA YA KUUPANDA NA KUUZIDISHA NYUMBANI

Leo hatutasema juu ya mahindi wala juu ya mihogo, ingawa ndiyo inayotupa bukari. Tutasema juu ya mmea mdogo sana, ambao wengi wenu mmeukanyaga mkienda kuteka maji bila kujua mmekanyaga nini. Mmea huu hautoi unga, hautoi mafuta, wala siwaambii kwamba utawapa franka. Lakini unakaa mlangoni pa maji yetu, na mtu anayeujua vizuri anayajua maji vizuri. Kwa hiyo tegeni masikio.

1. Mmea huu ni nini, nao unakaa wapi

Ninyi mnajua dembo. Ni lile bonde pana lisilo na miti, lenye nyasi na udongo mweusi, ambamo maji hutoka chini polepole hata wakati mvua imekwisha. Nendeni kandokando ya dembo, pale mchanga ni mweupe na maji yanachuruzika. Inameni, tazameni chini kati ya nyasi fupi. Mtaona mmea mwekundu, wenye majani madogo kama vijiko. Juu ya kila jani kuna nywele nyingi nyekundu, na kwenye ncha ya kila unywele kuna tone linalong'aa.

Mtasema: huo ni umande wa asubuhi. Hapana. Rudini saa sita, jua likiwa kali. Umande wa nyasi umekauka, lakini matone haya yako palepale. Guseni kwa kidole: yanavuta kama ulimbo ambao wavulana wanaupaka juu ya matawi ili kukamata ndege. Na kazi yake ni ileile ya ulimbo, ila ndege wake ni nzi, mbu na sisimizi.

Wenye elimu ya mimea wanauita Drosera. Sisi hapa tutauita mmea wa umande. Duniani ziko aina karibu 200, na Katanga ina aina kadhaa. Moja inaitwa Drosera madagascariensis. Jina lake ni la Madagaska, lakini inaota katika nchi nyingi za Afrika, pamoja na Kongo. Hiyo ina shina jembamba linalosimama, na majani yenye vikonyo virefu. Aina nyingine iliandikwa na mtaalamu Taton katika mwaka 1945, naye akaiita Drosera katangensis. Basi jina la Katanga limeandikwa juu ya mmea huu katika vitabu vya mimea vya dunia nzima. Si neno dogo.

2. Kwa sababu gani mmea unakula wadudu

Nzi anapotua juu ya jani, miguu yake inashikwa. Anapigana ili atoke, na kwa kupigana anajipaka ulimbo zaidi. Kisha nywele za kando zinaanza kuinama polepole, zikimsukuma kuelekea katikati ya jani. Ulimbo unaziba matundu ya pumzi yake, naye anakufa. Ndipo jani linatoa maji makali, yanayofanya kazi kama maji ya tumbo letu, yanayeyusha nyama ya yule mdudu. Jani linakunywa chakula hicho. Baada ya siku chache nywele zinasimama tena, na ganda kavu linachukuliwa na upepo.

Mwingereza mmoja, Charles Darwin, alichunguza aina ya Ulaya yenye majani ya mviringo, akatoa kitabu juu ya mimea inayokula wadudu katika mwaka 1875. Alihesabu nywele juu ya majani 31, akaona kwamba jani moja lina nywele 192 kwa wastani. Tena alijaribu vyakula. Aliweka matone ya maziwa, ya ute wa yai na ya mchuzi wa nyama: nywele ziliinama. Aliweka maji ya sukari, ya wanga na mafuta ya zeituni: nywele hazikuinama. Maana yake mmea hautafuti utamu. Unatafuta kile kinachojenga mwili, kile kilicho ndani ya nyama na mayai. Mwana wake, Francis Darwin, aliendelea na kazi hiyo. Katika mwaka 1878 alionyesha kwamba mimea iliyolishwa ilizaa mbegu nyingi kuliko ile iliyonyimwa.

Sasa mtauliza: kwa nini mmea uhangaike na nzi, nao una mizizi? Jibu liko katika dembo. Pale maji yanapita siku zote ndani ya mchanga, yakiosha na kuchukua chumvi za udongo. Panda lengalenga mahali hapo, majani yatakuwa ya njano, kwa sababu udongo ule ni maskini. Mmea wa umande umejifunza kuishi katika umaskini huo. Mizizi yake inakunywa hasa maji, na chakula kinachokosekana unakipata hewani.

Shikeni neno hili, maana kila shauri nitakalotoa linatoka humo: mmea mwingine tunaupa mbolea ili uishi, huu ukiupa mbolea, unakufa.

3. Msiung'oe katika dembo

Katika Ulaya watu walitumia mmea wa umande kuwa dawa ya kikohozi tangu zamani sana. Lakini madembo ya kwao yalitobolewa mifereji, yakakaushwa, mmea ukapungua. Nchi nyingine, kama Ujerumani, zikaulinda kwa sheria. Ndipo wafanya biashara wakatafuta mahali pengine, na mimea mingi ikang'olewa Madagaska, ikakaushwa na kupelekwa Ulaya. Mnaona namna mambo yanavyokwenda: nchi moja inamaliza yake, kisha inanunua ya nchi nyingine.

Kwetu, katika nchi za migodi, hatari ni nyingine tena. Mahali pengine dembo linachimbwa. Mahali pengine maji yanavutwa, au mawe ya mgodi yanaoshwa mtoni, maji yakawa mekundu au ya rangi ya majani. Mmea huu hauvumilii mambo hayo. Ukitoweka dembo moja, haurudi upesi, kwa sababu mbegu zake haziwezi kuota mahali pakavu wala penye matope mapya.

Kwa hiyo ninawaambia: mtu asing'oe mmea mzima. Mmea uliong'olewa mara nyingi unakufa njiani, na pale ulipotoka panabaki shimo. Jani moja linatosha kuzaa mmea mpya, kama nitakavyowaonyesha. Toa jani, acha mzizi.

Na juu ya kikohozi nisikilizeni vizuri. Mtu anayekohoa majuma mawili au zaidi, anayekonda, anayetoa damu, au anayefanya kazi katika vumbi la mgodi, apelekwe lupitali. Hakuna jani la dembo linaloponya kifua kikuu, wala linaloondoa vumbi la mawe lililokaa ndani ya mapafu. Mtoto anayehema haraka asingoje hata siku moja. Sisi tunapanda mmea huu ili kuuhifadhi na kujifunza kwake, si kwa kujifanya waganga.

4. Vitu vinavyopashwa kutayarishwa

Maji. Hili ndilo neno la kwanza, na wanaoharibu wanaharibia hapa. Maji yawe ya mvua. Maji ya visima vyetu mara nyingi yamepita ndani ya mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Kakontwe karibu na Likasi. Kwa mtu ni maji, kwa mmea huu ni sumu. Wamama wanajua kuyapima bila mashini: maji ambayo sabuni haitoi povu upesi ndani yake, na yanayoacha ukoko mweupe katika sufuria, yana chokaa. Msiyatumie. Maji ya bomba msiyatumie pia, wala maji ya mto unaoshuka kutoka mgodini.

Mvua ikianza kunyesha, acheni mvua za kwanza zioshe vumbi la bati. Au ni bora zaidi kuweka beseni safi uwanjani. Kisha jazeni bidoni na kuzifunga. Fanyeni hesabu: sahani moja yenye mmea ikinywa robo ya lita kwa siku, kwa siku 150 za kiangazi itakunywa lita 37 na nusu. Basi bidoni mbili za lita 20 zatosha. Asiyejaza bidoni katika mwezi wa Marchi, katika mwezi wa Agosti atalia. Bidoni iliyokuwa na asidi, mazoti au dawa ya mgodi isitumiwe, hata ikioshwa mara kumi.

Udongo. Chukueni mchanga mweupe, usiotoka penye mawe ya mgodi. Uosheni ndani ya beseni, mkikoroga kwa mkono, kisha mwageni maji machafu. Rudieni mpaka maji yabaki meupe. Mara ya mwisho osheni kwa maji ya mvua. Mkichanganya mchanga huo na mikono miwili ya udongo mweusi wa dembo, kutoka palepale mlipolikata jani, ni vizuri zaidi. Lakini msichimbe shimo dembo nzima. Mikono miwili yatosha chombo kimoja.

Msitie samadi. Msitie majivu. Msitie mbolea ya dukani. Na msitie udongo wa kichuguu. Najua ninyi mnapenda kupanda mahindi juu ya kichuguu, na mnafanya vema, maana vichuguu vikubwa vya Katanga vina chokaa na chakula kingi. Ndiyo sababu vinafaa mahindi, na ndiyo sababu vinaua mmea wa umande.

Chombo. Chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa katikati inafaa, au kopo la plastiki lenye kina cha sentimita 10 hadi 15. Toboeni matundu chini yake. Chombo cha shaba au kopo la bati lenye kutu msitumie. Wekeni chombo ndani ya sahani, na ndani ya sahani maji ya mvua ya sentimita 2. Maji yapande kutoka chini. Msimwage juu ya majani, mtaosha ulimbo wake. Sahani isikauke hata siku moja.

Mahali. Mmea unataka jua. Uwekeni nje penye jua la asubuhi na la mchana, mbali na kuku na mbuzi. Ndani ya nyumba yenye giza unakuwa mrefu na mwembamba, rangi nyekundu inapotea, na matone yanakoma.

5. Njia tatu za kuuzidisha

Njia ya kwanza ni jani. Chagueni jani zima, jipya lakini lililokwisha kufunguka, lisilo na mdudu. Livuteni polepole pamoja na kikonyo chake chote mpaka linapoungana na shina. Tieni ndani ya chupa safi inayoonyesha ndani, yenye maji ya mvua, mfunge. Wekeni chupa penye mwanga mwingi, lakini si katika jua lenyewe, maana maji yatapata moto na jani litaiva kama sombe. Ngojeni. Baada ya majuma 4 hadi 8 mtaona vidoti vya kijani juu ya jani lenyewe: hiyo ni mimea midogo. Ikiwa na majani matatu au manne na mizizi inaonekana, itoeni kwa kijiti laini, muiweke juu ya mchanga uliolowa. Majani mengine yataoza tu. Kwa hiyo tieni matatu, kila moja kutoka mmea wake, wala si yote kutoka mmea mmoja.

Njia ya pili ni kichwa cha shina. Hii ni kwa ile aina yenye shina linalosimama, na kwa mmea wenu wa nyumbani tu, si kwa ule wa dembo. Shina likiwa refu na kuanza kulala, likateni kwa wembe safi, sentimita 3 au 4 kutoka juu. Ondoeni majani ya chini, chomekeni katika mchanga uliolowa, fungieni juu yake chupa iliyokatwa ili hewa isikauke. Baada ya majuma machache kitatoa mizizi. Na shina lililobaki msilitupe: kando yake vitachipuka vichwa vipya.

Njia ya tatu ni mbegu. Mmea unatoa ua jembamba lenye rangi ya waridi, linalofunguka penye jua na kufunga tena. Aina hii ya Madagaska inaweza kuzaa mbegu peke yake bila mwenzake. Ua likikauka na kuwa jeusi, inamisheni juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, mpige kwa kidole. Mtaona unga mweusi: hizo ndizo mbegu, ndogo kama vumbi. Zimwageni juu ya mchanga uliolowa, wala msizifunike kwa udongo, maana bila mwanga hazioti. Zinaota baada ya mwezi mmoja au zaidi. Mimea inayotoka ni midogo kuliko kichwa cha kibiriti, lakini tazameni kwa karibu: hata hiyo ina umande wake, tayari inawinda. Njia hii ni ndefu, lakini ni bora kwa kuhifadhi, kwa sababu watoto wa mbegu hupatikana wengi kwa mara moja.

6. Kazi katika miezi ya mwaka

Mvua zinapoanza kukaa vizuri, katika Novemba na Desemba, kateni majani na kuyatia chupani. Katika Januari na Februari hamisheni mimea midogo, maana hewa imelowa na haiteseki. Marchi na Aprili kusanyeni mbegu na kujaza bidoni. Kuanzia Mei mpaka Septemba msifanye kazi ila kulinda maji. Katika baridi ya Juni na Julai mmea unakuwa mdogo na matone yanapungua. Msidhani umekufa, msiuhamishe. Oktoba, joto likizidi, sogezeni penye kivuli kidogo saa za mchana.

7. Magonjwa na makosa

Majani ya chini yakiwa meusi na mapya yanatoka mekundu, hakuna ugonjwa. Ni uzee tu. Majani mapya yakiwa meusi, tazameni maji: yamebadilishwa, au sahani ilikauka. Matone yakikosekana, mara nyingi ni jua lililokosekana, au mmea umehamishwa juzi. Ukungu wa kijani juu ya mchanga unaonyesha kwamba chakula kimeingia: badilisheni maji na mchanga. Chawa wa majani wakikaa katikati ya mmea, zamisheni chombo chote ndani ya maji ya mvua siku nzima, kisha mrudishe juani. Dawa za kuulia wadudu msinyunyize.

8. Maswali ambayo watu huuliza

Mmoja anauliza: Je, tuulishe bukari au nyama? Hapana. Jani litaoza. Ukikaa nje, unajitafutia. Kama mnataka kuwaonyesha watoto, wekeni sisimizi mmoja juu ya jani moja, mtazame mpaka jioni. Huyo mmoja anatosha kwa siku nyingi.

Mwingine anauliza: Je, utamaliza mbu nyumbani? Hapana. Utakamata wachache tu. Kwa mbu laleni ndani ya chandalua, na maji yenu ya mvua yafunikeni, msije mkafuga mbu ndani ya bidoni kwa ajili ya mmea unaokula mbu.

Mwingine anauliza: Je, mmea ukiishi mtoni, maji ni mema kunywa? Hapana, msidanganyike. Mmea unakataa chokaa na mbolea, lakini hauwezi kuona wadudu wa kuhara wala kila sumu ya mgodi. Maji ya kunywa yachemsheni. Na maji mnayodhani yana sumu ya mgodi msiyanywe hata yakichemshwa, kwa sababu moto hauondoi shaba wala risasi.

Mwingine anauliza: Tukiwa na mingi, tufanye nini? Wapeni majirani na walimu wa shule. Na kama dembo lenu limepoteza mimea yake, lakini maji bado ni safi, irudisheni palepale ilipotoka mama yake. Msiipeleke dembo la mbali, maana kila mahali pana aina yake, na kuchanganya kunaharibu.

9. Neno la mwisho

Mtu anaweza kusema: Hii ni kazi ya kucheza. Lakini fikirini. Mtoto aliyetunza sahani hii mwaka mzima amejifunza kwamba maji hayako sawa yote. Amejifunza kwamba mvua inawekwa akiba. Amejifunza kwamba kuna udongo wa kulimwa na udongo wa kuachwa. Huyo akiwa mkubwa, hatakubali upesi mtu akate mfereji katikati ya dembo kwa sababu ya bustani ya mwaka mmoja. Maana dembo ni ghala: linashika mvua za Januari na kuzitoa polepole mpaka Septemba. Likikauka, kwanza unakufa mmea wa umande, na hakuna anayelia. Kisha kinakauka kisima, na hapo kijiji chote kinalia.

Basi kumbukeni maneno manne. Jani, si mzizi. Maji ya mvua, si ya kisima. Mchanga uliooshwa, si samadi. Jua, si giza. Mkiyashika haya, mwaka kesho mtakuwa na mmea, na pengine mingi. Na mkienda kuteka maji kesho asubuhi, tazameni mnapokanyaga.

Nimemaliza. Mwenye swali na aulize.